Alama moja ya '=' inavyoweza kusema umelipwa kabla hujalipwa: JavaScript kwa hesabu za dhahabu

- JavaScript ni lugha ya programu inayofanya kazi ndani ya kivinjari cha simu yako, hata mtandao ukikatika baada ya ukurasa kufunguka.
- Mambo mawili ya kuanza nayo ni kuhifadhi thamani kwa alama ya '=' na kuandika fankisheni.
- Kosa dogo kwenye mambo hayo linaweza kubadili hesabu ya mauzo au mgao bila mtu kushtuka.

Geita/Shinyanga. Mchimbaji mdogo anapopeleka dhahabu sokoni, pesa anayoondoka nayo inategemea namba chache tu: uzito kwa gramu, asilimia ya usafi, bei ya siku na makato ya kisheria.

Zamani hesabu hiyo ilikuwa ya kikokotoo na daftari. Siku hizi vijana wengi wa Geita, Katoro na Kahama wana simu janja, na baadhi wanaanza kujifunza kuandika programu ndogo za kuwasaidia ndugu zao kujua "nikiuza leo, nabaki na shilingi ngapi?"

Lugha rahisi ya kuanzia kwa kazi hiyo ni JavaScript. Lakini kabla hujampa mzee wa duara programu yako aiamini, kuna mambo ya msingi lazima uyashike. Haya hapa, moja baada ya jingine.

JavaScript ni nini na ilitoka wapi?

JavaScript ilitengenezwa Mei 1995 na Brendan Eich, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Netscape ya Marekani. Toleo la kwanza alilimaliza kwa takribani siku 10. Jina lake linafanana na Java, lugha nyingine ya programu, lakini ni lugha mbili tofauti kabisa.

Mwaka 1997 iliwekewa kanuni rasmi. Mabadiliko makubwa yakaja 2015, na baadhi ya yaliyomo kwenye makala hii yanatokana na toleo hilo.

Kwa mtu wa machimboni faida yake kubwa ni hii: haihitaji kompyuta kubwa wala kusakinisha chochote. Kivinjari kilichopo kwenye simu tayari kinaielewa. Ukurasa ukishafunguka, hesabu inafanyika ndani ya simu yenyewe. Hata ukiwa Rwamgasa na mtandao umepotea, kitufe cha kukokotoa kitaendelea kufanya kazi.

Kigeu: Kopo lenye jina

Programu inahitaji mahali pa kutunza namba. Mahali hapo panaitwa kigeu. Kifikirie kama kopo lililoandikwa jina kwa nje, na ndani kuna kitu.

```
let gramu = 10;
let usafi = 0.9;
let bei = 300000;
```

Neno `let` linasema "tengeneza kopo jipya". Kisha jina, halafu alama ya `=`, halafu kitu kinachoingia ndani. Bei ya Sh300,000 kwa gramu hapa ni ya mfano tu. Bei halisi hubadilika kufuata soko la dunia.

Hapa ndipo wengi wanapochanganya. Darasani tulizoea kwamba `=` maana yake "ni sawa na". Kwenye JavaScript siyo hivyo. Alama hiyo ni amri: chukua kilicho kulia, kiweke kwenye kopo la kushoto.

Ndiyo maana mstari huu, ambao kwa mwalimu wa hesabu ni uongo mtupu, kwa JavaScript ni sahihi kabisa:

```
gramu = gramu + 5;
```

Simu inaanza kulia. Inachukua gramu 10 za mwanzo, inaongeza 5, inapata 15, kisha inairudisha 15 kwenye kopo lilelile. Ile 10 imeshaondoka. Unaweza pia kufupisha kwa kuandika `gramu += 5;` na jibu likawa hilohilo.

Angalia kwamba safari ya pili hatujaandika `let`. Kopo lilishatengenezwa, sasa tunabadilisha tu kilichomo.

Ukisahau `let` kwenye mara ya kwanza, JavaScript ya mtindo wa zamani haikuambii kitu. Inatengeneza kopo linaloonekana na programu nzima, na sehemu nyingine yenye kopo la jina hilo inaweza kulifuta bila wewe kujua.

Kuna namba zisizotakiwa kuguswa

Makato ya kisheria hayabadiliki kila saa. Kwa namba kama hizo tumia `const` badala ya `let`. Ukijaribu kuzibadilisha katikati ya programu, simu inakataa na kutoa kosa.

Masoko ya madini yalipoanza mwaka 2019, likiwamo la Geita lililozinduliwa Machi mwaka huo, makato ya kawaida kwa dhahabu yalikuwa mrabaha wa asilimia 6, ada ya ukaguzi asilimia 1 na ushuru wa huduma wa halmashauri asilimia 0.3. Jumla asilimia 7.3. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na ile ya zuio ya asilimia 5 zilikuwa zimeondolewa kwa wachimbaji wadogo mwaka huohuo.

Kwenye programu yanaandikwa hivi:

```
const MRABAHA = 0.06;
const UKAGUZI = 0.01;
const USHURU = 0.003;
```

Kwa nini usiandike tu 0.06 kila unapoihitaji? Kwa sababu sheria hubadilika. Mabadiliko ya Sheria ya Madini ya 2017 yalipandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 4 hadi 6 na kuleta ada ya ukaguzi. Baadaye dhahabu inayouzwa kwa viwanda vya kusafisha vya ndani ikawekewa unafuu.

Aliyeandika 0.04 sehemu 20 angelazimika kuzisaka zote 20. Akisahau moja, programu inatoa majibu mawili tofauti kwa mzigo mmoja. Aliyetumia `const` anabadilisha mstari mmoja, anaendelea na maisha.

Kabla ya kutumia viwango hivi kwenye biashara, hakikisha vya sasa kwenye soko lenyewe au ofisi ya madini ya mkoa.

Fankisheni: Karasha la namba

Anayeishi Geita anajua karasha. Unatia mawe upande mmoja, mashine inasaga, unga unatoka upande mwingine. Leo ukileta mawe ya duara hili, kesho ya duara lile, mashine ni ileile.

Fankisheni ndiyo karasha la programu. Unaitengeneza mara moja, unaipa namba tofauti kila ukitaka, nayo inakupa jibu.

```
function kiasiHalisi(gramu, usafi, bei) {
  let thamani = gramu * usafi * bei;
  let makato = thamani * (MRABAHA + UKAGUZI + USHURU);
  return Math.round(thamani - makato);
}
```

Tuipitie taratibu.

Neno `function` linatangaza kwamba fankisheni inaanza. `kiasiHalisi` ni jina lake. Jina haliruhusiwi kuwa na nafasi katikati, ndiyo maana maneno mawili yameunganishwa na la pili likaanza kwa herufi kubwa.

Ndani ya mabano ya mviringo kuna vitu vitatu vinavyosubiriwa, yaani mdomo wa karasha. Vinaitwa parameta. Ndani ya mabano ya mawimbi kuna kazi yenyewe.

`return` ndiyo sehemu jibu linapotokea. Na `Math.round` inalifanya jibu liwe shilingi kamili, kwa sababu JavaScript ina tabia yake kwenye desimali: ukiiambia ijumlishe 0.1 na 0.2 inakupa 0.30000000000000004.

Sasa mstari wa kuiita kazini:

```
let mkononi = kiasiHalisi(10, 0.9, 300000);
```

Dhahabu ya gramu 10 yenye usafi wa asilimia 90, kwa bei yetu ya mfano, ina thamani ya Sh2,700,000. Mrabaha ni Sh162,000, ukaguzi Sh27,000 na ushuru Sh8,100. Jumla ya makato ni Sh197,100. Kopo la `mkononi` linabaki na 2502900, yaani Sh2,502,900.

Kumbuka vigeu `thamani` na `makato` vimezaliwa ndani ya fankisheni na havionekani nje. Ukiviita huko nje, simu itakwambia haivijui. Yaliyo ndani ya karasha yanabaki ndani. Kinachotoka ni kile tu kilichopitia `return`.

Makosa matano yanayoumiza

Kujua kuandika ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kujua programu inakosea wapi, hasa pale inapokosea kimyakimya.

*1. Kuandika '=' moja mahali pa kuuliza*

Chukulia kijana ametengeneza programu ya kufuatilia mgao wa wafanyakazi wa duara. Kila mtu ana kigeu kinachoonyesha kama amelipwa au bado. Anaandika hivi:

```
let amelipwa = false;

if (amelipwa = true) {
  console.log("Mgao wake umeshatoka");
}
```

Alitaka kuuliza: je, huyu amelipwa? Lakini kwa `=` moja hajauliza kitu. Ameamuru. Simu imechukua "ndiyo" na kuiweka kwenye kopo, ikafuta ile "hapana" iliyokuwamo, kisha ikaendelea kana kwamba imejibiwa ndiyo.

Matokeo yake kila anayefika anaambiwa mgao wake umeshatoka. Hata aliyeshinda chini ya ardhi wiki nzima na hajapata hata senti. Na mbaya zaidi, kumbukumbu sasa inasema amelipwa kweli, kwa hiyo hata ukikagua baadaye hukuti ushahidi.

Ili kuuliza, tumia alama tatu:

```
if (amelipwa === true) {
```

Kuna pia ya alama mbili, `==`, lakini yenyewe inajaribu kulinganisha vitu vya aina tofauti, mfano namba 10 na maandishi "10", na kusema ni sawa. Ukitumia tatu unakuwa salama zaidi. Kwa ufupi: moja ni kuweka, tatu ni kuuliza.

*2. Kujumlisha maandishi ukidhani ni namba*

Mtu akijaza kisanduku kwenye ukurasa, JavaScript inapokea maandishi, hata kama ameandika tarakimu. Na alama ya `+` kwa maandishi maana yake ni kuunganisha.

```
let asubuhi = "10";
let jioni = "5";
let jumla = asubuhi + jioni;
```

Jibu siyo 15. Jibu ni "105". Gramu 15 zimegeuka gramu 105, na aliyekopa kwa kutegemea hesabu hiyo amekwisha.

Ukitumia alama ya kuzidisha, JavaScript yenyewe inageuza maandishi kuwa namba na jibu linakuwa sahihi. Ndiyo maana kosa hili hujificha: sehemu ya bei iko sawa, sehemu ya kujumlisha uzito ndiyo imeoza. Dawa ni kugeuza mapema:

```
let jumla = Number(asubuhi) + Number(jioni);
```

*3. Kusahau return*

Karasha lisilo na mahali pa kutolea unga litasaga tu, wewe hupati kitu. Fankisheni isiyo na `return` inakurudishia `undefined`, yaani hakuna thamani. Ukiiingiza kwenye hesabu nyingine unapata `NaN`, maana yake jibu siyo namba.

Kuna mtego mwingine hapohapo. Ukiandika `return` halafu ukashuka mstari ndipo uandike jibu, JavaScript inaona amri imeishia kwenye `return`. Jibu lako la chini halisomwi kabisa. Jibu liandike mstari mmoja na `return`.

*4. Kukosea kilichotiwa mdomoni*

Fankisheni haijui unachomaanisha. Ukiisahau bei na kuandika `kiasiHalisi(10, 0.9)`, jibu ni `NaN`, angalau unashtuka.

Lakini ukiandika usafi kama 90 badala ya 0.9, hakuna kosa litakalotokea. Programu itakwambia kwa utulivu kwamba unastahili Sh250,290,000. Kwa hiyo weka mlinzi mlangoni:

```
if (usafi > 1) {
  usafi = usafi / 100;
}
```

Mistari hiyo mitatu ikikaa mwanzoni mwa fankisheni, mtu akiandika 90 au 0.9 anapata jibu moja.

*5. Kuchanganya jina la fankisheni na kuiita*

Hapa ndipo `=` na fankisheni zinapokutana. Tuseme una fankisheni nyingine iitwayo `kokotoa`, unataka ifanye kazi mtu akigusa kitufe.

```
kitufe.onclick = kokotoa;
```

Huo ni sahihi. Umekikabidhi kitufe fankisheni yenyewe, kikae nayo hadi kiguswe. Sasa ona huu:

```
kitufe.onclick = kokotoa();
```

Mabano yale mawili ni amri ya "fanya sasa hivi". Hesabu inafanyika ukurasa ukifika tu kwenye mstari huo, kabla mteja hajajaza chochote. Kitufe kinapewa jibu la hesabu, si fankisheni. Mteja anagusa mpaka kidole kinachoka, kimya.

Tofauti yake ni kama kumpa mtu namba ya simu ya fundi karasha na kumpigia fundi mwenyewe. Ya kwanza itatumika baadaye, ya pili imeshatumika.

Fankisheni nayo inaingia kwenye kopo

Kosa la tano linaonyesha jambo kubwa: kwenye JavaScript, fankisheni ni kitu kama namba. Unaweza kuiweka kwenye kigeu.

```
const mrabahaWa = function (thamani) {
  return thamani * MRABAHA;
};
```

Tangu 2015 kuna mtindo mfupi zaidi wa mshale:

```
const mrabahaWa = (thamani) => thamani * MRABAHA;
```

Mitindo yote miwili inatoa jibu moja. Kwenye mshale usio na mabano ya mawimbi, `return` haiandikwi kwa sababu ipo tayari. Ukiweka mabano ya mawimbi, lazima uiandike mwenyewe.

Tofauti ya kukumbuka ni mpangilio. Fankisheni iliyoanza kwa neno `function` inaweza kuitwa hata kwenye mstari ulio juu yake, kwa sababu JavaScript huisoma kwanza. Iliyowekwa kwenye `const` haiwezi. Ukiiita kabla ya mstari wake, programu inasimama na kutoa kosa. Kama bado unajifunza, tengeneza fankisheni juu, ziite chini. Hutakosea.

Unavyoweza kujaribu leo kwa simu

Huhitaji kompyuta. Fungua kivinjari, tafuta tovuti za majaribio kama MDN Playground, JSFiddle au CodePen. Zote ni bure kuanza na zina sehemu iliyoandikwa JavaScript.

Andika vigeu vitatu vya `const`, kisha fankisheni ya `kiasiHalisi`, halafu mstari huu wa mwisho:

```
alert(kiasiHalisi(10, 0.9, 300000));
```

Kikitokea kisanduku chenye 2502900, umefanikiwa. Sasa badilisha bei iwe ya leo. Badilisha gramu. Ondoa `return` makusudi uone kinachotokea.

Angalizo moja: kibodi za simu nyingi hugeuza herufi ya kwanza kuwa kubwa, na baadhi hugeuza alama za nukuu ziwe za kupinda. JavaScript inatofautisha `Gramu` na `gramu`, na haizitambui nukuu za kupinda. Zima masahihisho ya kibodi kabla hujaanza, utaepuka usumbufu.

Kabla hujampa mtu mwingine aitumie

Fanya hesabu tatu kwa daftari kwanza: mzigo mdogo, mkubwa na wenye desimali kama gramu 3.47. Linganisha na programu. Zikitofautiana hata kwa shilingi 100, usiendelee mpaka ujue sababu.

Pia, programu inayokaa kwenye kivinjari inaweza kufunguliwa na kubadilishwa na yeyote mwenye ujuzi kidogo. Kwa hiyo ni ya kukusaidia kujua, siyo risiti. Nyaraka za soko la madini ndizo zinazotambulika.

Ila mchimbaji aliyeshajua kwamba mzigo wake unapaswa kumpa Sh2,502,900 hasimami dirishani kama asiyejua. Akitajiwa namba nyingine, ana swali la kuuliza, na anajua aulize kuhusu mstari upi: uzito, usafi, bei au makato.